Gurudumu la silika jeli litapunguza bili ya kiyoyozi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Ninasimamia jengo lenye chumba cha kuhifadhia nyaraka. Kiyoyozi kinafanya kazi na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 22, lakini kipima unyevu hakishuki chini ya asilimia 72, na tumeanza kuona kuvu kwenye migongo ya mafaili. Mkandarasi anatushauri tufunge mashine ya kukausha hewa yenye gurudumu la silika jeli na hita ya umeme. Anasema ina ufanisi wa asilimia 80 na itapunguza bili. Hewa yetu ya nje ni nyuzi 30, unyevu asilimia 70. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba, dada. Usitie saini bado. Mashine anayokutajia ni nzuri, nimeifunga mwenyewe mara kadhaa na ninaiamini. Lakini kwa namna alivyoipanga, gurudumu pamoja na hita ya umeme, hewa yenu itakauka kweli na bili itapanda. Nitakueleza kwa nini kwa kirefu kidogo, ili ukikaa naye mezani ujue pa kumbana.

Tuanze na hiyo asilimia 72. Haikwambii hewa ina maji kiasi gani. Inakwambia hewa imekaribia kushiba kiasi gani kwa joto lililopo, na joto likibadilika nayo inabadilika, hata kama hakuna tone lililoingia wala kutoka. Ndiyo maana mimi huhesabu gramu. Hewa yenu ya nje ina takriban gramu 18.8 za maji katika kila kilo ya hewa kavu. Chumbani mna kama gramu 12. Mkitaka nyuzi 22 na asilimia 50, hali inayoifaa karatasi, lazima mfike gramu 8.2. Sasa hewa yenye gramu 8.2 huanza kutoa umande ikipozwa hadi nyuzi 11. Ishike hiyo 11. Koili ya baridi, yaani mabomba yaliyojikunja ndani ya kiyoyozi yanayopoza hewa, isiposhuka chini ya hapo, hewa haitafika gramu 8.2 hata kiyoyozi kikinguruma usiku kucha.

Watu wengi wakiona unyevu hushusha thamostati. Chumba kinakuwa baridi zaidi, asilimia inapanda badala ya kushuka, na ukuta wa kona ya nyuma unapoa mpaka unaanza kutoa jasho. Kama mmeshafanya hivyo, rudisheni 22 leo.

Kabla ya kuzungumzia mashine mpya, nenda kaangalie iliyopo. Fungua kifuniko cha kipoza hewa, subiri kompresa izime, kisha mulika koili kwa tochi. Utaona matone yamening'inia kati ya mapezi ya alumini, mengine yameunganika kuwa utando mwembamba unaong'aa. Hayo ni maji ambayo tayari mmeyalipia umeme kuyatoa hewani, na bado hayajafika kwenye bomba la kutolea maji. Feni ikiendelea kuzunguka wakati kompresa imelala, inayapuliza na kuyarudisha chumbani. Kiyoyozi kikubwa kupita mahitaji ya chumba huwaka dakika chache, hupoza haraka, huzima, na kila mara hurudisha sehemu ya maji yake. Nimekuta hali hii katika vyumba vingi vya baridi yenye unyevu kuliko kasoro nyingine yoyote. Mwambie fundi aiweke feni izime pamoja na kompresa, au, kama mashine inaruhusu, apunguze kasi yake ili hewa ikae kwenye koili muda mrefu zaidi. Kisha kagueni mlango, mianya ya dari na tundu la hewa ya nje. Hewa ya nje ina zaidi ya mara mbili ya maji mnayoyataka ndani, kwa hiyo kila mwanya unaouziba ni kazi ambayo mashine haitaifanya.

Mkimaliza hayo na asilimia bado inagoma kushuka, ndipo swali lako linapata uzito wake.

Silika jeli unaijua. Ni ile ya vipakiti vidogo vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu na kamera. Kila punje ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na ukubwa wa kuta za ndani za vitundu hivyo ni wa ajabu: gramu moja ina eneo la mita za mraba mamia kadhaa. Mvuke hujishika kwenye kuta hizo. Kwenye mashine, silika hupakwa juu ya gurudumu lenye matundu mengi membamba kama sega la nyuki, na gurudumu huzunguka polepole sana, kwa kawaida chini ya mizunguko 30 kwa saa. Hewa inayokwenda chumbani hupita kwenye robo tatu ya uso wake na kuacha maji humo. Kwenye robo iliyobaki hupitishwa hewa ya moto kutoka upande mwingine, inayaondoa maji na kuyatupa nje. Bila robo hiyo ya moto, gurudumu linashiba na kuwa mzigo tu mbele ya feni. (Usilichanganye na gurudumu la kubadilishana joto na unyevu kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Lile huzunguka mara nyingi kwa dakika moja na halihitaji hita.)

Hapa kuna jambo ambalo mkandarasi hakukutajia. Mvuke unaponaswa na silika huachia joto lake fiche (joto lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke), kama kilojuli 2,450 kwa kila kilo ya maji, na ziada kidogo inayotokana na mnaso wenyewe. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye hewa. Kila gramu inayotolewa katika kilo ya hewa huipandisha hewa hiyo joto kwa nyuzi 2.5 hivi, na ukijumlisha joto linalobebwa na gurudumu lenyewe kutoka upande wa moto, hesabu salama ni nyuzi 3. Fundi mmoja kijana aliwahi kunipigia simu asubuhi ya kwanza ya kuwasha mtambo, sauti imejaa wasiwasi: "Mzee, mashine imeharibika, inapuliza moto." Nilimwambia aweke kiganja kwenye dakti, ile njia ya bati inayopitisha hewa, mbele ya gurudumu, kisha nyuma yake, halafu asome kipima unyevu. Hewa ilikuwa imekauka vizuri kabisa. Ilikuwa moto kwa sababu ilikuwa imekauka. Kwa hiyo gurudumu linabadilisha tatizo la unyevu kuwa tatizo la joto, na joto hilo lazima mtu alilipie.

Sasa tulipie. Nachukua kilo moja ya hewa yenu ya nje na kuishusha kutoka gramu 18.8 hadi 8.2, kisha kuiingiza chumbani ikiwa nyuzi 20. Haya ni makadirio ya kalamu na karatasi, bila kuhesabu feni, lakini yanatosha kuonyesha mwelekeo.

Njia ya kwanza ni koili ya baridi. Hewa inashushwa hadi nyuzi 11, na kufanya hivyo kunahitaji kuiondolea kilojuli 46 hivi. Zaidi ya nusu ya hizo ni joto fiche la maji. Kompresa inayotoa baridi mara 3.5 ya umeme inaoutumia itakula kilojuli 13 za umeme. Hewa ya nyuzi 11 ni baridi mno, kwa hiyo inapashwa tena hadi 20. Ukiipasha kwa hita ya umeme unaongeza 9, jumla 22. Ukiipasha kwa joto ambalo kondensa ilikuwa inalitupa nje, unabaki na 13.

Njia ya pili ni ya mkandarasi wako. Gramu 10.6 zinaondolewa na gurudumu. Kipimo chetu cha ufanisi hapa ni joto fiche lililoondolewa, gawanya kwa joto lililotumika kulikausha gurudumu upya. Kwa gurudumu la kawaida jibu huwa chini ya 1. Mimi hapa natumia 0.6. Joto fiche ni kilojuli 26, gawanya kwa 0.6, unapata kilojuli 43 za hita. Hewa inatoka na nyuzi 62 hivi na lazima ipozwe hadi 20, na kompresa, ambayo hapa haihitaji kushuka hadi 11 na hivyo hutoa baridi mara 4 ya umeme wake, inakula nyingine kama 11. Jumla ni 54. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya koili ya baridi yenye hita, na zaidi ya mara nne ya koili inayotumia joto la kondensa.

Hakuna ujanja wa kiwanda unaoweza kuifuta tofauti hiyo. Kompresa husukuma joto kutoka mahali hadi mahali, na kila kilojuli ya umeme inasogeza tatu au nne. Hita hugeuza kilojuli moja ya umeme kuwa kilojuli moja ya joto, basi. Lita moja ya maji haiwezi kutolewa kwenye silika kwa chini ya kilojuli 2,450, ambazo ni uniti 0.68 za umeme. Kwa ufanisi wa 0.6 zinakuwa uniti 1.1 na zaidi. Ukisikia "ufanisi wa asilimia 80" muulize: asilimia 80 ya nini? Inawezekana ni sehemu ya unyevu unaonaswa, inawezekana ni hita yenyewe. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, na bado bili ikapanda.

Lakini usilitupe gurudumu. Badilisha chanzo cha joto uone.

Tuseme jengo lina maji ya moto yanayopotea bure, ya nyuzi 70 au 80, kutoka injini ya jenereta inayofanya kazi kutwa au kutoka paneli za jua za kupashia maji. Zile kilojuli 43 zinaondoka kwenye bili ya umeme. Zinabaki 11 za kupoza hewa ya moto. Angalia vizuri: 11 dhidi ya 13 za koili inayotumia joto la kondensa. Faida ni ndogo kuliko vile watu wanavyodhani, na gharama ya mtambo ni kubwa. Wauzaji wengi huishia hapa na kuita joto la bure "ushindi". Kazi ya kweli ya uhandisi inaanzia hapa.

Hewa ya nyuzi 62 inayotoka kwenye gurudumu isipelekwe moja kwa moja kwenye kompresa. Ipitishwe kwanza kwenye kibadilisha joto cha sahani, upande wa pili ikipita hewa ya nje ya nyuzi 30. Kibadilisha joto cha wastani kitaishusha hadi karibu 40 bila kompresa kuguswa. Kinachobaki ni kutoka 40 hadi 20, umeme wa kilojuli 5 hivi. Na ile hewa ya nje iliyopokea joto sasa ina nyuzi 50 na kitu. Ndiyo inayopelekwa kukausha gurudumu, ikiwa tayari imepashwa nusu ya safari. Kipande kimoja cha sahani za alumini kimepunguza mzigo pande zote mbili. Mtambo usio na kipande hicho mimi siuidhinishi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa majengo ambayo hayana joto la bure, na nadhani inaweza kukufaa. Acha koili ya baridi ifanye kazi nyepesi kwanza: ishushe hewa hadi nyuzi 18 tu, ibaki na gramu kama 13. Gurudumu limalizie gramu zilizobaki, chini ya 5. Silika hunasa vizuri zaidi hewa ikiwa imekaribia kushiba, na hewa inayotoka kwenye koili imeshiba. Joto la kulikausha linakuwa kama kilojuli 19, na kondensa ya kompresa hiyo hiyo inatupa 34. Kwa hesabu yangu umeme wote unafika 9 au 10. Si bure kabisa, kwa sababu ili kondensa itoe hewa ya nyuzi 50 lazima presha ya gesi ipande na kompresa isukume kwa nguvu zaidi, na kipande cha faida kinaliwa hapo. Hata hivyo koili isiyolazimika kushuka chini ya nyuzi 11 inafanya kazi kwa raha. Kwa kila nyuzi moja unayoipandisha kwenye baridi ya chila (mtambo unaopoza maji ya kulisha koili za jengo), umeme hupungua kwa asilimia 2 hadi 3. Jengo lililozoea maji ya nyuzi 7 likiweza kutumia ya nyuzi 15 kwa sababu unyevu umeshashughulikiwa kwingine, hiyo ni akiba inayoonekana kwenye mita.

Upo pia mpangilio ambao gurudumu halihitaji hita kabisa. Linawekwa likizunguka kati ya hewa inayorudi kutoka chumbani kuelekea kwenye koili na hewa inayotoka kwenye koili. Hewa ya chumbani ina unyevu wa asilimia 50 au 60. Inayotoka kwenye koili imefika asilimia 95. Silika, kama chumvi iliyoachwa wazi mezani, hufuata asilimia wala haifuati gramu. Inanasa maji penye asilimia 95, inayaachia penye 50, na maji hayo yanarudi kwenye koili yakadondoke. Inahitaji silika ya aina maalumu na haiwezi kushuka chini sana, lakini kwa chumba cha nyaraka mara nyingi inatosha. Muulize mkandarasi wako kama anaifahamu. Jibu lake litakuonyesha amewahi kufanya kazi hii kwa kina gani.

Ungekuwa umeniuliza kuhusu ghala la vyakula vilivyogandishwa, au chumba cha kutengenezea betri za lithiamu ambako kiwango cha umande (joto ambalo hewa huanza kutoa umande) hushushwa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, ningekujibu tofauti kabisa. Huko koili ya baridi hujaa barafu, hewa inashindwa kupita, na lazima izimwe kila mara iyeyushwe. Kiwango cha umande kikihitajika chini ya nyuzi 5 hivi, gurudumu linaanza kushinda hata likilishwa joto la kununua, kwa kuwa mpinzani wake hawezi kazi. Ninyi mnahitaji nyuzi 11. Bado mko katika himaya ya koili.

Kuhusu vikaushi vya kimiminika, kama maji ya chumvi ya lithiamu kloridi yanayonyunyizwa hewani kwenye mnara, sitakaa sana. Ni vizuri kwa majengo makubwa, hufanya kazi na joto la chini, na hewa hupozwa papo hapo inapokaushwa. Lakini chumvi hiyo inakula chuma, na tone moja linalopeperushwa na hewa likitua kwenye nyaraka ni hasara. Kwenu siipendekezi. Wala sipendekezi ule mfumo aliosajili Neal Pennington nchini Marekani mwaka 1955, wa kukausha hewa kwa gurudumu kisha kuipoza kwa kuinyunyizia maji. Ni wazo zuri, lakini unairudishia hewa sehemu ya unyevu uliotoka kuuondoa, na hewa yenu ya gramu 18.8 haiachi nafasi ya kufanya hivyo. Karatasi, kwa njia, ndiyo iliyoanzisha taaluma yetu: mtambo wa Willis Carrier wa mwaka 1902 ulibuniwa kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukivimbisha karatasi na rangi hazikai mahali pake. Tatizo lako ni lile lile alilopewa yeye.

Mkiamua kufunga gurudumu, mambo matatu huliharibia ufanisi kimyakimya. La kwanza ni vumbi. Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo mtambo ulikuwa na miaka miwili tu na haukaushi tena. Tulipofungua, uso wa gurudumu ulikuwa umefunikwa na kitu kama blanketi la kijivu. Mtu alitoa filta ili hewa ipite kwa nguvu na hakuirudisha. Vumbi la mafuta likishaingia kwenye matundu ya silika halitoki kwa kupuliza. La pili ni mipira ya kuzibia pembeni mwa gurudumu. Ikichakaa, hewa yenye maji kutoka upande wa moto inavujia upande mkavu, na unalipia kuondoa maji yale yale mara mbili. Ukaguzi wake ni rahisi: zima mtambo, pitisha kipande cha karatasi kati ya mpira na gurudumu, kisiteleze kwa ulaini. La tatu ni feni. Gurudumu lina ukinzani wa paskali 100 hadi 250, na feni inaulipia saa zote, hata siku ambazo hewa ni kavu yenyewe. Dai njia ya pembeni yenye mlango unaojifungua, hewa ipite bila kuligusa gurudumu lisipohitajika.

Kwa mkandarasi, omba kwa maandishi: gramu ngapi kwa kila kilo ya hewa, kwa hewa ya nyuzi 30 na asilimia 70, si kwa hali ya maabara aliyoichagua mtengenezaji, kilojuli ngapi za joto kwa kila kilo ya maji yaliyoondolewa, na joto hilo linatoka wapi, hewa inatoka na nyuzi ngapi na nani ataipoza, na umeme wa feni zote mbili, ya hewa ya chumbani na ya hewa ya moto. Akikupa namba moja tu ya asilimia, mrudishie karatasi yake kwa heshima.

Na kabla hata ya kumwita, fanya kipimo kimoja. Usiku watu wakiwa wameondoka, zima kiyoyozi, funga mlango, acha kipima unyevu na kipimajoto katikati ya rafu, na uandike namba kila nusu saa mpaka asubuhi. Zigeuze kuwa gramu, au mpe fundi wa viyoyozi akufanyie kwa chati yake. Gramu zikipanda kwa kasi kutoka 12 kuelekea 18, hewa ya nje inaingia mahali fulani, na fedha za gurudumu zitumieni kwanza kwenye mlango na dari. Zikikaa pale pale, maji hayaingii kwa wingi kutoka nje, na tatizo huenda liko kwenye kiyoyozi chenyewe, labda kwenye sinia la koili lisilomwaga, na hapo niandikie tena ukiwa na jedwali hilo la namba.